Dunia iliyokuwa iishe mwaka niliozaliwa

Mimi nilizaliwa Novemba 1999. Wasomaji wangu mlio wakubwa kidogo hamhitaji kuelezwa mwaka ule ulikuwaje. Sisi wa rika langu tumesimuliwa tu. Mama anasema mtaani kwetu walikuwepo watu waliouza makabati na vitanda wakisubiri kiyama cha mwaka 2000. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alimwambia kwa huruma kabisa: "Mwanangu, mimba hii umeibeba wakati mbaya. Huyu mtoto hataota hata jino." Mama hakubishana naye. Alikwenda kwenye mitumba ya Karume akanunua nguo za mtoto wa mwaka mmoja.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya katuni. Naam, katuni. Kabla hujaniambia nikue, nipe dakika kumi tu.

Katuni yenyewe inaitwa X. Ni ya Kijapani, zile hadithi ndefu za picha ambazo wenyewe huziita manga. Kule Japani manga si mambo ya watoto peke yao. Mtu mzima mwenye tai anaisoma kwenye treni na hakuna anayemshangaa. X ilianza kuchapishwa mwaka 1992 katika Asuka, jarida la kila mwezi la wasichana. Waliiandika na kuichora wanawake wanne wanaojiita CLAMP: Nanase Ohkawa anayetunga hadithi, pamoja na Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi. Walianza kama kikundi cha mashabiki huko Kansai, magharibi ya Japani, wakichapisha vijitabu vyao wenyewe. Kazi iliyowaingiza rasmi kwenye fani, RG Veda, ilianza mwaka 1989.

Niliipata X chuoni. Mwenzangu wa hosteli alikuwa nayo kwenye flashi, tukawa tunaisoma usiku badala ya kusoma yale yaliyotupeleka chuo. Hadithi iko hivi. Mwaka ni 1999. Kijana anayeitwa Kamui anarudi Tokyo baada ya kuwa mbali kwa miaka sita, kwa sababu mama yake, kabla ya kufa, alimwagiza arudi. Anakuta watu wanamsubiri. Pande mbili zinajipanga kwa vita, watu saba kila upande. Majoka ya Mbinguni wanataka kuwalinda wanadamu. Majoka ya Ardhini wanasema mwanadamu ndiye ugonjwa wa dunia, kwa hiyo aondoke ili dunia ipone. Kamui ndiye atakayeamua upande upi ushinde. Hata jina lake limeandikwa kwa herufi za "mungu" na "enzi". Mzigo gani huo kwa kijana wa sekondari!

Na yeye hautaki. Hapo ndipo nilipompenda. Hataki kuokoa dunia wala kuiangamiza. Anachotaka ni usalama wa marafiki zake wawili wa utotoni, Fuma na dada yake Kotori. Basi anachagua upande wa kuwalinda wanadamu, kwa sababu hao wawili wanaishi kati yao. Papo hapo Fuma anageuka kuwa Kamui wa upande wa pili, kana kwamba mizani ilikuwa inamsubiri, na kwa mkono wake anamuua Kotori. Kijana amechagua ili asiwapoteze, na kwa kuchagua huko huko amewapoteza wote wawili.

Chini ya jengo la bunge la Japani kuna Hinoto, binti asiyeona, asiyesikia wala kusema, ambaye wanasiasa humwendea awaambie ndoto zake. Ndoto zake zote zinasema jambo moja: mwisho umeshaandikwa. Ni Kotori peke yake, naye akiwa tayari marehemu, anayekuja ndotoni kupinga na kusema kwamba ya kesho bado hayajaamuliwa. Vitabu vyote ni mvutano wa kauli hizo mbili.

Sasa tuje kwenye historia, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa nini 1999? Waandishi hawakuuokota mwaka huo njiani. Mwaka 1973 mwandishi mmoja wa Kijapani, Goto Ben, alitoa kitabu kuhusu utabiri wa Nostradamus, yule Mfaransa wa karne ya 16 aliyeandika mafumbo ya kishairi. Fumbo moja linataja mwaka 1999 na mwezi wa saba, na jambo la kutisha kutoka mbinguni. Kitabu cha Goto kiliuza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka huo huo ilitoka riwaya ya Komatsu Sakyo kuhusu Japani kuzama baharini, nayo ikauza sana. Huo ndio ulikuwa mwaka wa mgogoro wa mafuta. Watu waliokuwa wamezoea uchumi kupanda kila mwaka waliona kwa mara ya kwanza kwamba unaweza kusimama. Watoto waliokua miaka hiyo walikua wakijua tarehe ya kiyama kama sisi tulivyokuwa tunajua tarehe ya kufunga shule.

Na kwa nini Tokyo? Kwa sababu jiji hilo lina desturi ya kufa na kufufuka. Mwaka 1855, likiwa bado linaitwa Edo, lilipigwa na tetemeko lililoua maelfu. Wiki chache baadaye zikaenea picha za bei nafuu zenye kambare mkubwa, kwa sababu watu waliamini kambare aliye chini ya ardhi ndiye anayeitikisa. Katika baadhi ya picha hizo kambare si adui. Anawatapisha matajiri dhahabu, na maseremala wanamshukuru kwa kazi ya kujenga upya. Wazo la kwamba lazima mambo yabomoke ili yatengenezeke si la CLAMP. Lilikuwa mitaani miaka zaidi ya mia moja kabla yao. Kisha likaja tetemeko la Septemba 1923, watu zaidi ya 100,000 wakafa, wengi kwa moto. Kisha mabomu ya Wamarekani usiku wa kuamkia Machi 10, 1945, watu wengine kiasi cha 100,000. Kwa hiyo katika X, Tokyo inaposhikiliwa na vizingiti vya kiroho vilivyo kwenye majengo na madaraja, na kila kimoja kikivunjwa ardhi inatetemeka, msomaji wa Kijapani haoni uchawi mtupu. Anaona yaliyompata bibi yake.

Halafu hadithi ikakutwa na mambo ya kweli. Alfajiri ya Januari 17, 1995, tetemeko liliupiga mji wa Kobe, watu zaidi ya 6,400 wakafa. Kobe iko Kansai, nyumbani kwa waandishi wenyewe. Miezi miwili baadaye, Machi 20, wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walimwaga gesi ya sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo. Zaidi ya watu kumi walikufa na maelfu wakaumia. Kiongozi wa dhehebu hilo alikuwa akihubiri kiyama na kuyatumia mafumbo ya yule yule Nostradamus. Waandishi walikuwa wanachora majengo yanayoporomoka kwa mpigo mmoja, na televisheni ikawa inaonyesha barabara ya juu ya Kobe imelala ubavu. Hebu jiweke kwenye kiti chao.

Walisogea kwa kusitasita. Ulipofika mwaka 1999 wa kweli, hadithi ilikuwa bado haijaisha. Julai ikapita, hakuna kilichoshuka kutoka mbinguni. Ajali kubwa ya Septemba mwaka huo, kwenye kiwanda cha nishati ya nyuklia huko Tokaimura, haikuletwa na joka wala nyota. Wafanyakazi walikuwa wanachanganya urani kwa ndoo ili kuharakisha kazi. Wawili kati yao walikufa. Machi 2003, baada ya juzuu 18, X ikasimama. Mwisho waliokuwa wameupanga ulionekana mkali mno, na waandishi wenyewe wameeleza ugumu wa kupata jarida la kuuchapisha. Mwaka 2011 likaja tetemeko lingine na tsunami, karibu watu 20,000 wakafa au kupotea. Mwaka 2024 kazi za CLAMP zilipewa maonyesho makubwa katika jumba la taifa la sanaa mjini Tokyo. Mwisho wa X haujatoka mpaka leo.

Cha kuchekesha ni kwamba kuna miisho mingine miwili. Filamu ya mwaka 1996 ya Rintaro inamfanya Kamui amuue rafiki yake, kisha abaki peke yake akilia. Katuni ya televisheni ya mwaka 2001 hadi 2002 ya Yoshiaki Kawajiri inamfanya Kamui ajitoe yeye mwenyewe ili Fuma na jiji wabaki. Watu wale wale, majaaliwa yale yale, hatima mbili tofauti. Na kwenye vitabu, hakuna hatima. Mashabiki wamekasirika kwa miaka zaidi ya ishirini, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Niliacha kukasirika mwaka 2023. Nilikuwa mgeni kazini, dawati la habari za kimataifa, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha namba. Habari yenyewe ilikuwa ya msitu wa Shakahola, kule Kilifi, Kenya. Waumini walikuwa wamefunga kula hadi kufa, wakiamini mwisho wa dunia umefika na kwamba hiyo ndiyo njia ya kumwona Yesu. Asubuhi miili 47, jioni 58, kesho yake 73. Mwishowe ilizidi 400, wakiwemo watoto wengi. Mhariri aliniagiza niandike aya moja ya historia, nikaenda kusoma kuhusu Kanungu, Uganda. Kule viongozi wa dhehebu walikuwa wamesema dunia itaisha na mwaka 1999. Haikuisha. Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikaifungua tena ile flashi. Nilichokiona mara hii sikukiona chuoni. Katika X, wanaoua zaidi si wenye chuki. Ni wenye uhakika. Ukishaamini mwisho umeandikwa, aliye mbele yako anakuwa tayari maiti. Kilichobaki ni taratibu tu. Mtoto wa Shakahola alinyimwa uji na mtu aliyempenda, kwa sababu mtu huyo alijua kesho haipo.

Ndiyo maana siku hizi sidai tena juzuu ya 19. Ikitoka nitainunua, tena kwa bei yoyote. Lakini kijana asiyetaka ushujaa, anayeng'ang'ania kuwalinda watu wawili tu wakati wakubwa wote wanamwambia imeshaandikwa, namwelewa hata bila ukurasa wa mwisho.

Zile nguo za mitumba Mama anazo mpaka leo kwenye sanduku. Anasema zilinitosha Desemba 2000. Nilimuuliza kama siku ile, mbele ya jirani, hakuogopa. Akasema aliogopa sana, ila mtoto angehitaji nguo.

Na kwenu je, 1999 ilikuwaje? Waulizeni wazazi, kisha mnisimulie.