Vitunda Visivyonukia

Shada linalofungwa leo Al Wukair, kitongoji cha majumba ya kupanga kusini mwa Doha, huenda likawa na vitawi vyenye vitunda vyekundu vilivyopachikwa kati ya mawaridi. Mmea huo ni haiperikamu. Kenya, mwendo wa saa tano hivi kwa ndege, ni miongoni mwa nchi ziukuzao kwa wingi. Mswahili akiutazama ana sababu ya kustaajabu, kwani kwa desturi ya pwani pambo lisilonukia ni nusu ya pambo.

Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walitunga maua kwa pua kabla ya macho. Kikuba kilikusanya asumini, rehani, mkadi na kilua, kikavaliwa kifuani au nyweleni. Maua yakinyauka, harufu ilisalia nguoni. Haiperikamu ni kinyume chake: hainukii, lakini hudumu chomboni. Mazoea ya kupamba kwa vitunda yana asili ya Ulaya, ambako wakati wa baridi bustani hukosa maua na chekundu kinachobaki ni matunda ya vichakani. Majira hayo hayapo Lamu, sembuse Al Wukair, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 45.

Kilimo cha maua ya kuuza nje kilishika mizizi Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Naivasha ikawa kitovu chake. Haiperikamu ilikuja baadaye, tena na taabu yake. Aina zinazouzwa huchanua siku zinapokuwa ndefu, ilhali kwenye ikweta mchana hauzidi sana saa 12. Basi wakulima wakawasha taa mashambani usiku, mmea udhani umo katika kiangazi cha Ulaya. (Jamaa zake wa mwituni, wenye maua ya manjano, huchanua bila taa yoyote kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Kilimanjaro.) Petali zikipukutika, moyo wa ua huvimba ukawa kitunda: chekundu, cheupe, cha waridi au cha kijani. Vibarua, wengi wao wanawake, hukata vitawi na kuvipanga kwa urefu. Mtunga mashada naye huondoa majani, kwa kuwa huwa meusi mapema kuliko vitunda.

Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya maua ya Kenya ilipitia minada ya Uholanzi, na mnunuzi wa mbali akayahesabu kuwa ya Kiholanzi. Siku hizi ndege huyafikisha Ghuba moja kwa moja, hata hivyo jina la aliyeyakata halifiki dukani. Machi 2020, masoko na safari za ndege vilipoporomoka kwa sababu ya korona, maua yalitupwa Naivasha na maelfu ya vibarua wakarudishwa makwao. Asumini ya kikuba haikuguswa na msukosuko huo wa minada; huchumwa jioni ingali tumba, na kufikia asubuhi imeshachakaa.