Baruti na Bahari ya Kusini

Katika miaka ya 1990, uvuvi wa baruti ulipokuwa ukiyasaga matumbawe ya pwani ya Mtwara, na samaki wengi waliouawa wakizama chini pasipo faida kwa yeyote, wavuvi wa Mtwara na Lindi, wakisaidiwa na mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland, walishika kamera za vidio wakaibainisha dhulma ile kwa ndimi zao wenyewe mbele ya hadhara na wakuu wa serikali. Hima hiyo naiona adhimu kuliko amri yoyote. Waliunda pia shirikisho lao. Na mwaka 2000, kwa mujibu wa sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi ikatangazwa.