Televisheni ya Kale na Sauti Zake

Wahenga walinena, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Neno hili ni dawa kwa ndugu waliogombana, lakini kwa mwanafunzi wa historia halitoshi. Kwake yeye, yaliyopita ndiyo shamba lake. Wala si habari za vita na za wafalme peke yake zinazostahili kulimwa katika shamba hilo. Vyombo vya nyumbani navyo vina historia. Jiwe la kusagia, pasi ya makaa na taa ya mafuta, kila kimoja kilikuwa na enzi yake katika maisha ya watu, kisha kikaondoka kimya kimya bila ya mtu kukiandikia buriani.

Katika insha hii nataka, msomaji wangu, kukupa habari za chombo kimoja kilichoondoka katika siku zetu hizi hizi. Chombo hicho ni televisheni ya kale, yenye kioo kinene mbele na kisogo kirefu nyuma. Huenda umepata kuiona, imewekwa pembeni mwa nyumba ya babu na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Lakini kuiona ikiwa kimya si kuijua. Chombo hiki kilikuwa na sauti zake chenyewe, mbali na maneno ya watangazaji, na kila sauti ilikuwa na sababu yake. Hizo ndizo ninazotaka kuzieleza kabla hazijasahauliwa.

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka wa 1897 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, alitengeneza neli ya kioo iliyoweza kuonyesha mwendo wa umeme kwa nukta ya mwanga. Yeye hakuwa na nia ya kuwatumbuiza watu. Alitaka kuuchunguza umeme tu. Mwaka wa 1926 John Logie Baird, mzaliwa wa Uskoti, aliwaonyesha wataalamu mjini London picha zilizosafirishwa kwa mtambo wenye visahani vinavyozunguka. Mwaka uliofuata, kule San Francisco nchini Marekani, kijana wa miaka 21 aitwaye Philo Farnsworth alifaulu kupeleka picha kwa umeme mtupu, pasipo kisahani chochote. Picha ile haikuwa ya mfalme wala ya mji. Ilikuwa mstari mmoja tu. Mambo makubwa huanza hivyo. Ilipofika mwaka wa 1936, shirika la BBC lilianza matangazo ya kawaida ya televisheni mjini London.

Kwetu Kenya televisheni iliingia mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Iliendeshwa na Shirika la Utangazaji la Kenya, ambalo lilikuwa limeundwa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1964 Serikali ililichukua shirika hilo na kuliita Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1989 likarudishiwa jina lake la kwanza. Jirani zetu wa Zanzibar waliianza televisheni yao mapema katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Tanzania bara ilikaa bila ya kituo chake hadi miaka ya 1990. Basi ukimsikia mzee mmoja anasema kuwa televisheni ni chombo cha utoto wake, na mwingine wa umri ule ule anasema kuwa aliiona akiwa mtu mzima, usimdhanie yeyote kuwa mwongo. Uliza kwanza aliishi wapi.

Sasa tuingie ndani ya kisanduku. Mle mlikuwa na neli ya kioo kinene iliyotolewa hewa. Mwisho wa neli, upande wa kisogoni, palikuwa na kipande kidogo cha madini kilichopashwa moto hata kikatoa elektroni. Elektroni hizo zilivutwa mbele kwa umeme wenye nguvu nyingi, ambao katika televisheni za rangi ulifika volti 20,000 na zaidi. Zilipofika mbele zilipiga unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo, na unga ule ukang'aa. Sumaku za umeme zilizozunguka shingo ya neli ziliuongoza mwali huo toka kushoto hadi kulia na toka juu hadi chini, mstari baada ya mstari, kama mkono wako unavyoandika katika daftari. Kwa mtindo uliotumika katika nchi yetu, picha moja ilikuwa na mistari 625, na kila sekunde ziliandikwa picha 25. Zidisha mwenyewe, nawe utapata mistari 15,625 kwa kila sekunde. Ihifadhi hesabu hiyo, kwa maana tutairudia.

Televisheni ilipowashwa haikutoa picha papo hapo. Ilikuwa kama mtu anayeamshwa usingizini. Katika zile za zamani zaidi sauti ya mtangazaji ilitangulia, na uso wake ukafuata baadaye, neli ilipokwisha kupata moto. Zile za rangi zilinguruma kwanza, "dumm!", mara moja tu. Ngurumo ile ilitoka katika waya uliozungushwa kwenye neli ili kuufuta usumaku uliokuwa ukichafua rangi. Mtoto mtundu aliyekisogeza kipaza sauti cha redio karibu na kioo aliigeuza nyasi kuwa ya zambarau, kwa sababu ndani ya kipaza sauti mna sumaku, nayo iliupotosha mwali. Ukiupeleka mkono karibu na kioo, malaika ya mkono yalisimama, na ukikigusa ulisikia mivunjiko midogo, kama ya vijiti vikavu, kwa ajili ya umeme uliotuama juu yake. Na ilipozimwa, hasa ile ya nyeusi na nyeupe, picha yote ilikimbilia katikati ikawa nukta moja nyeupe. Nukta ile ilikaa kidogo, ikafifia, ikatoweka. Kisha katika giza kisanduku kilianza kualika, "ta, ta, ta," kikipoa na kunywea.

Lakini sauti ya ajabu kuliko zote ilikuwa mluzi. Kile chombo cha ndani kilichousukuma mwali kilitetemeka mara 15,625 kwa sekunde, yaani mara moja kwa kila mstari, na mtetemo ule ulitoa mluzi mwembamba mno. Masikio ya mtoto huweza kusikia mitetemo inayokaribia 20,000 kwa sekunde, bali kadiri mtu anavyozidi kuwa na umri, ndivyo uwezo huo unavyopungua. Kwa hiyo watoto waliusikia mluzi ule, na wazee wengi hawakuusikia. Mimi nilipokuwa mdogo niliweza kujua kuwa televisheni ya ami yangu imewashwa kabla sijafika mlangoni, hata kama sauti yake ilikuwa imepunguzwa kabisa. Nilimwambia ami, naye akacheka, akadhani natunga.

Pamoja na hizo kulikuwa na chenga. Kituo kilipofunga matangazo usiku, baada ya Wimbo wa Taifa, kioo kilijaa vitone vyeupe na vyeusi vilivyochemka kama mchwa, na kisanduku kikatoa mvumo kama wa mvua juu ya bati. Tulidhani ule ni uchafu tu. Kumbe antena ilikuwa ikiokota mawimbi ya kila namna: ya radi, ya mitambo, na, kwa sehemu ndogo sana, ya mbinguni. Mwaka wa 1964 wataalamu wawili wa Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, walisumbuliwa na mvumo wa namna hiyo katika antena yao kubwa. Waliisafisha antena, hata kinyesi cha njiwa wakakiondoa, na mvumo usiishe. Mwishowe ilijulikana kuwa ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, lililokuwako miaka bilioni 13 na zaidi iliyopita, na mwaka wa 1978 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Basi watu waliosinzia mbele ya chenga walikuwa wakitazama, bila ya kujua, chembe ya habari za kale kuliko zote.

Nisikusimulie sayansi peke yake. Kijijini kwetu, katika miaka ya 1990, hapakuwa na umeme. Ami yangu alikuwa na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kutiwa moto, na tulijua siku ya kupelekwa kama tulivyojua siku ya soko lenyewe. Ilipoanza kuchoka, picha ilisinyaa pande zote, ukingo mweusi ukazidi kuwa mpana, na watangazaji wakawa vijitu vidogo. Hapo mzee mmoja alisema, "Zima, tubakishe ya habari." Watoto tulikaa mkekani, wazee vitini, na majirani wengine walisimama dirishani. Ilipokuwa zamu ya Vitimbi au Vioja Mahakamani, nyumba ilijaa hata mwenye nyumba mwenyewe akakosa mahali pa kukaa.

Antena ilifungwa juu ya mti mrefu nje ya nyumba. Upepo ulipoigeuza, kijana mmoja alitumwa kuirudisha.

"Imeshika?" aliuliza kutoka gizani.

"Bado! Rudisha kidogo!"

"Sasa je?"

"Hapo hapo! Usiiache!"

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa mzaha. Mara nyingi picha ilikuwa safi maadamu mtu ameushika waya, na alipouachilia, chenga zikarudi. Sababu ni kuwa mwili wa mwanadamu hupitisha umeme, na aliyeushika waya hugeuka kuwa sehemu ya antena. Usiku mmoja zamu hiyo iliniangukia mimi. Nilisimama kwenye baridi, mkono juu, hata mchezo ukaisha. Nilisikia kicheko cha watu wote, na sikuona hata uso mmoja. Niliporudi ndani nilimwuliza binamu yangu kilichowachekesha, akajaribu kunieleza, akashindwa kwa kucheka. Tangu siku ile, kila nisomapo kitabu cha historia, hujiuliza ni nani aliyekuwa nje ameshika waya ili wengine waonekane.

Hata hivyo, kupenda mambo ya kale kusitufanye waongo. Televisheni ile ilikuwa nzito hata ikahitaji watu wawili kuibeba ikiwa kubwa. Ilikula umeme mwingi. Neli yake iliweza kushika umeme hata baada ya kuzimwa, ikamrusha fundi asiye mwangalifu. Ile desturi ya kuipiga makofi ubavuni ili picha itulie haikuwa tiba. Kofi lilikigusanisha kiungo kilicholegea kwa muda tu, na mara nyingine likazidisha ubovu. Tena kioo chake kilichanganywa na risasi, na risasi ni sumu. Neli zilizovunjwa na kutupwa ovyo majalalani ni deni ambalo kizazi chetu kimewaachia ninyi. Wala tusisahau kuwa nyumba moja ilijaa watu kwa sababu nyumba nyingi hazikuwa na kitu. Umoja ule ulikuwa mtamu, lakini uhaba ndio ulioukaanga.

Kuondoka kwake kulikuwa kwa hatua. Vioo vyembamba viliingia madukani, na bei yake ikashuka mwaka hata mwaka. Matangazo ya dijitali yalizinduliwa nchini mwaka wa 2009, na mwaka wa 2015 mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ilizimwa. Februari ya mwaka huo baadhi ya vituo vikubwa vilitoweka hewani kwa siku kadhaa kwa ajili ya mvutano juu ya jambo hilo. Mwenye televisheni ya kale aliweza kuendelea kuitumia kwa king'amuzi, lakini tabia zake nyingi zilikuwa zimekwisha. Picha ya dijitali haipigani na upepo. Huonekana safi, au hukwama na kukatika. Hapana tena kazi ya mtu wa kushika waya.

Miaka michache iliyopita niliikuta televisheni moja ya kale katika stoo, imetwikwa madaftari. Niliipangusa vumbi, nikaichukua darasani, nikaiunga na umeme. Chenga zilijaa kiooni, na wanafunzi wakashangilia. Kisha nikaipunguza sauti hata ikaisha, nikaanza kueleza somo. Msichana mmoja aliyekaa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, kuna kitu kinalia."

Wenzake wakanyamaza, wakasikiliza, wakasema nao wanakisikia. Nililiweka sikio langu karibu na kisogo cha televisheni. Sikusikia kitu. Mluzi ulikuwa pale pale, kama ulivyokuwa nyumbani kwa ami. Sikio langu ndilo lililoondoka. Nilimkumbuka ami yangu alivyocheka, nikafahamu kuwa sasa nimekaa katika kiti chake. Basi nikawaomba wanafunzi wanieleze. Mmoja alisema ni kama mbu aliye mbali, mwingine ni kama ukucha juu ya kioo. Nikayaandika maneno yao ubaoni, wakayanakili.

Hiyo ndiyo kazi ninayokuachia, msomaji wangu. Chombo huweza kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho, lakini sauti yake huhitaji sikio, na kila sikio lina muda wake. Waendee wazee wako, uwaulize vyombo vya ujana wao vilivyokuwa vikilia: cherehani, kinu, gramafoni, baiskeli ya kwanza kijijini. Wakikuambia jambo usiloweza kulisikia wewe, usicheke. Liandike, ungali na wa kumwuliza.