Mawinga Wawili wa Kyiv

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Viktoria Backnang, timu ndogo ya kusini mwa Ujerumani, ilicheza mechi ya kirafiki na Dynamo Kyiv iliyokuwa kambini huko. Kiungo wa Backnang, Ralf Rangnick, amesimulia mara nyingi kwamba mpira ulipotoka nje alisimama akawahesabu wapinzani, akiamini wamezidi. Kila alipopata mpira, wawili au watatu walikuwa wameshamfikia. Akawakuta ni 11 tu.

Baadaye Rangnick mwenyewe akawa mwalimu mkubwa wa kukabia juu, na wengi hupenda kuianza historia ya mbinu hiyo kwenye mechi ile. Mimi ningerudi nyuma miaka 20, kwa wachezaji wawili walioachwa.

Mwaka 1964 Viktor Maslov alitoka Rostov kwenda kuifundisha Dynamo. Mfumo uliotamba wakati huo ulikuwa 4-2-4, ambao Brazil ilitwalia Kombe la Dunia 1958: mabeki wanne, viungo wawili, na mbele watu wanne, wawili kati yao mawinga waliosubiri mpira pembeni. Maslov aliona viungo wawili hawatoshi kuukaba uwanja. Akaachana na mawinga, katikati wakawa wanne. Uingereza ilipobeba kombe 1966 bila mawinga halisi, Kyiv walikuwa wameshaanza. Hakutaka beki amwandame mtu mmoja kama kivuli. Kila mmoja alinde eneo lake, na mpinzani akipata mpira, walio karibu wamzibie njia kabla hajainua kichwa.

Si wote walioupenda mchezo huo. Gazeti moja la Moscow lilichapisha picha ya wachezaji wanne wa Dynamo wakimzonga mpinzani mmoja, na maneno chini yake yakasema soka la namna hiyo halihitajiki. Dynamo ikachukua ubingwa wa Muungano wa Kisovieti 1966, 1967 na 1968, na katikati ya hapo ikaing'oa Celtic, bingwa mtetezi wa Ulaya, kwa ushindi wa 2-1 Glasgow na sare ya 1-1 nyumbani.

Winga wa kushoto aliyemkuta Maslov pale aliitwa Valeriy Lobanovskyi: mzaliwa wa Kyiv, mrefu, mwenye kona zilizopinda hadi kipa akabaki anashangaa. Alikuwemo kwenye kikosi cha 1961, cha kwanza kuutoa ubingwa nje ya Moscow. Lakini kona hazikabi mtu. Akahamia Odessa, na haukupita muda winga wa kulia, Oleg Bazylevych, akamfuata huko. Lobanovskyi aliacha kucheza 1968, hata miaka 30 hajatimiza.

Ungetarajia mtu kama huyo aje kuwatetea mawinga. Mwaka 1974 wote wawili walikuwa wakiifundisha Dynamo pamoja, na walichofundisha ni ukabaji wa Maslov, safari hii ukiwa na hesabu. Lobanovskyi alisomea uhandisi. Pamoja na mwanasayansi Anatoliy Zelentsov, walihesabu vitendo vya kila mchezaji katika mechi na kumpa alama. Walipanga hata lini timu ikabe uwanja mzima, lini nusu, na lini ijifanye inakaba ili ipumue. Mwaka 1975 wakaifunga Ferencváros 3-0 na kutwaa Kombe la Washindi la Ulaya. Kwa alama hizo, sidhani kama kocha Lobanovskyi angempanga winga Lobanovskyi.

Gharama yake ililipwa na miili ya wachezaji. Mwaka 1976, baada ya msimu wa mazoezi yaliyowachosha, waliwaasi makocha wao. Lobanovskyi alibaki, na timu yake ndiyo Rangnick aliyoihesabu. Bazylevych akafungasha mizigo, akaondoka Kyiv kwa mara ya pili.