Meno Bila Mwili: Karne Nne za Kuwasaka Taa na Papa wa Kale

Katika karamu za wakuu wa Ulaya ya zama za kati, mezani palitundikwa vijiwe vyeusi na vya kijivu, vyenye ncha kali na uso unaong'aa. Viliitwa mawe-ulimi, na iliaminika kuwa vikichovywa katika kinywaji huifichua sumu au kuiua nguvu. Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alikuwa ameandika kwamba huanguka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa. Huko Malta watu walisema ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe baada ya Mtume Paulo kuokoka kisiwani humo. Vyote vilikuwa meno ya papa.

Mwitaliano Fabio Colonna alilisema hilo waziwazi mwaka 1616, ila wachache walimsikiliza. Nusu karne baadaye, mwaka 1666, papa mkubwa alinaswa karibu na Livorno. Mtawala wa Toscana, Ferdinando II de' Medici, akaagiza kichwa chake kipelekwe Florence, kwa mpasuaji kutoka Denmark aliyeitwa Nicolaus Steno. Steno alilinganisha meno ya papa yule na mawe-ulimi, na mwaka uliofuata akachapisha hoja yake. Hakuishia hapo. Ikiwa jiwe lina jino la papa ndani yake, alisema, basi jiwe hilo zamani lilikuwa tope chini ya maji. Kutokana na fikra hiyo, mwaka 1669 aliweka kanuni ambayo jiolojia inaitegemea hadi leo: matabaka ya mwamba hulala moja juu ya jingine kwa zamu, na la chini ndilo la kale zaidi.

Jino lilifungua mlango, lakini pia lilileta mtego uliowanasa wataalamu kwa vizazi. Papa, taa na jamaa zao wa kilindini waitwao kimera hawana mifupa. Kiunzi chao ni gegedu, ambayo kwa nje hukazwa na vipande vidogo vya madini vilivyopangwa mfano wa vigae. Samaki akifa, gegedu huoza na vigae hivyo husambaa. Meno ni magumu na hayaozi upesi. Zaidi ya hayo, papa mmoja hudondosha maelfu ya meno maishani mwake. Ndiyo maana miamba imejaa meno, ilhali miili mizima hupatikana kwa nadra, mahali ambapo matope laini yasiyo na oksijeni yalimfunika samaki kabla hajasambaratika. Historia ya elimu hii ni historia ya kumtaja mnyama kwa jino lake, kisha kusahihishwa na mwili wake.

Aliyeipa elimu hii kamusi ya kwanza ni Louis Agassiz, Mswisi aliyechapisha juzuu tano kuhusu visukuku vya samaki kati ya 1833 na 1843. Alizunguka makumbusho ya Ulaya akichora na kutoa majina, mengi yakitokana na meno au miiba ya mapezi tu. Mwaka 1834 alifika Lyme Regis, pwani ya kusini mwa Uingereza, akaoneshwa visukuku na Mary Anning, binti wa seremala aliyeishi kwa kuchimba na kuuza visukuku. Agassiz alivutiwa na ujuzi wake hata akaja kumpa heshima ya jina: papa wa kale Acrodus anningiae.

Anning mwenyewe alikuwa tayari ametoa fumbo gumu. Mwaka 1829 alichimbua samaki bapa mwenye pua ndefu, nusu papa, nusu taa kwa sura. Akaitwa Squaloraja. Leo tunajua kwamba hakuwa papa wala taa. Dume lake lina mwiba kwenye paji la uso, alama ya ukoo wa kimera. Ubapa ulimjia kwa njia yake mwenyewe, kwa kuishi karibu na sakafu ya bahari. Kisukuku kile cha kwanza kiliteketea Bristol katika mashambulizi ya ndege ya Vita Kuu ya Pili.

Taa halisi walijitokeza kwa miili yao kamili katika mawe ya nchi nyingine. Lebanoni, katika machimbo ya Hakel na Hjoula, mawe yenye umri wa miaka takriban milioni 95 yana taa wa duara na wengine wenye pua ndefu yenye meno pembeni. Visukuku vya samaki wa nchi hiyo vilijulikana mapema mno: katika karne ya 13, Mfalme Louis IX wa Ufaransa alioneshwa kimoja alipokuwa Sidon. Monte Bolca, karibu na Verona, ilihifadhi taa wa miaka milioni 50 hivi iliyopita, pamoja na taa wa umeme. Marekani, huko Wyoming, ziwa la kale la maji baridi lilituachia Heliobatis, aliyepewa jina na Othniel Marsh mwaka 1877, na Asterotrygon, aliyetambuliwa mwaka 2004. Baadhi ya Asterotrygon majike walifukiwa wakiwa na vijusi tumboni, ushahidi kwamba taa wenye miiba walizaa watoto hai tangu zama hizo.

Miili hiyo ilivunja dhana nyingi. Chukua msumeno wa puani. Papa upanga wa leo, ambaye kwa ukoo ni taa, anao. Onchopristis wa Afrika Kaskazini, aliyeishi katika mito ileile na dinosauri Spinosaurus, alikuwa nao pia, na kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa ndugu wa karibu. Uchunguzi wa visukuku umeonyesha kuwa walikuwa koo mbili tofauti, kila moja ikiwa imeunda msumeno wake. Ukoo wa Onchopristis ulimalizika pamoja na dinosauri. Papa upanga wakatokea baadaye.

Mfano mkali zaidi ni Ptychodus. Meno yake mapana, yaliyoumbwa kusaga magamba, yalijulikana tangu karne ya 18, na wengi walimweka karibu na taa, kwa kuwa taa wengi husaga chaza na kaa. Mwaka 2024 Romain Vullo na wenzake walieleza miili mizima kutoka Vallecillo, Meksiko. Alikuwa papa mwenye mwili wa kuogelea kasi, wa kundi moja na papa mweupe. Takriban miaka mia mbili ya hoja juu ya jino ikajibiwa na kivuli cha mwili juu ya bamba la chokaa.

Hata nasaba ya taa wote ilibidi iandikwe upya. Katika miaka ya 1990 nadharia yenye nguvu iliwaona kama tawi la papa waliojibapisha. Uchunguzi wa DNA wa mwanzoni mwa karne hii ukaikataa: taa ni ukoo wa kando, uliotengana na papa wote kabla papa wa leo hawajagawanyika. Hata hivyo visukuku vyao vya kale kabisa ni vya mwanzo wa Jurasiki. Kati ya utengano huo na visukuku hivyo kuna pengo refu ambalo bado halijajazwa na jiwe lolote.

Sehemu ya pengo hili inatokana na mahali tulipotafuta. Ramani ya taa wa kale inafuata machimbo ya mawe ya Ulaya na Lebanoni kuliko inavyofuata bahari walimoishi. Tendaguru, mkoani Lindi, ni funzo. Kati ya 1909 na 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani, wakiwemo Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza uchimbaji mkubwa huko. Mamia ya Waafrika, chini ya mnyapara Boheti bin Amrani, walichimba mifupa ya dinosauri na kuibeba hadi bandarini. Macho mengi yalikuwa kwenye majitu. Mwaka 2002 Gloria Arratia, Jürgen Kriwet na Wolf-Dieter Heinrich walieleza samaki wa matabaka hayohayo, akiwemo taa mpya, Engaibatis schultzei, kutoka bahari ya kina kifupi ya miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Kusini mwa Tanzania kuna zaidi ya Tendaguru. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, uliotuama baharini kuanzia mwishoni mwa Kretasia na kuendelea, unasifika duniani kwa kuhifadhi vizuri viumbe wa hadubini. Unagusa zama ambazo taa walipoteza spishi nyingi, nyingi kuliko papa, katika maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, kisha taa wenye miiba wakaenea. Kuutafuta ushahidi huo hakuhitaji msafara wa wapagazi: kunahitaji maji, chekeche laini, hadubini na subira ya kuchambua mchanga. Watakaoanza wataanza na meno, kama Steno. Tofauti ni kwamba sasa wanajua jino linaweza kusema nini, na ni wapi halistahili kuaminiwa peke yake.