Nyumba za siku mbili: wageni na wapangaji Homa Bay na Migori

Nyumba zinazokodishwa kwa siku chache, ambazo Wakenya wengi huziita Airbnb hata zisipotangazwa kwenye mtandao huo, zilifika Homa Bay na Migori kwa njia yake. Kule Diani na Lamu, nyumba hizi zilifuata watalii. Kusini mwa Nyanza zilifuata ofisi, mpaka, dhahabu na matanga.

Kwa miaka mingi mgeni wa Homa Bay, makao makuu ya iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, alilala lojing au kwa jamaa. Migori, mji ulio kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Isebania, ulilaza madereva wa malori, wafanyabiashara wa mpakani na wanunuzi wa dhahabu ya Macalder. Mitaa kama Makongeni na Shauri Yako mjini Homa Bay, au Oruba kule Migori, ilikuwa ya walimu, wauguzi na makarani waliolipa kodi kila mwezi na kujuana kwa majina.

Ugatuzi wa 2013 uligeuza hali. Serikali za kaunti zilileta wakandarasi, wakaguzi na watu wa semina, huku vyuo vikuu vya Tom Mboya na Rongo vikiongeza wanafunzi wanaotafuta vyumba. Kampuni ya Airbnb ilikuwa imezaliwa San Francisco 2008, lakini katika miji hii kilichofungua biashara zaidi ni M-Pesa, iliyoanza mwaka mmoja kabla yake: picha hutumwa kwa WhatsApp, pesa huingia kwenye simu, na funguo huachwa kwa keateka.

Matanga nayo yana nafasi yake, tena kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mazishi ya Wajaluo hukusanya ndugu kutoka Nairobi, Mombasa na ng'ambo, na mila humkataza mama mkwe kulala chini ya paa moja na mkwewe. Nyumba ya kukodi mjini huondoa aibu hiyo bila maneno mengi.

Mwaka 2025 ndio uliopima uwezo wa Homa Bay. Sherehe za kitaifa za Madaraka ziliandaliwa huko tarehe 1 Juni, na Agosti ukafuata Mkutano wa Ugatuzi. Mji wenye hoteli chache ulitakiwa kupokea wajumbe kutoka kaunti zote 47, na mwenye nyumba yeyote aliyekuwa na chumba kisafi aliona thamani yake.

Hesabu ya mwenye nyumba ni nyepesi. Tuseme nyumba ina kodi ya shilingi 12,000 kwa mwezi. Ikilipiwa 2,000 kwa usiku, siku sita zinarudisha kodi yote, na zilizobaki ni faida, ukiondoa umeme, usafi na fanicha. Anayeumia ni muuguzi aliyehamishiwa mjini na kukuta nyumba nzuri hazipangishwi tena kwa mwezi. Hata hivyo si kila mtu anapoteza: mfuaji, mwendesha bodaboda na mama wa samaki hupata wateja ambao mtaa haukuwa nao.

Kero za kila siku huonekana ndani ya ploti. Maji ya Homa Bay hayatoshi ingawa ziwa liko hapo chini, na wageni wanaobadilika kila wikendi hutumia tangi moja na wapangaji wa kudumu. Geti hufunguliwa usiku wa manane. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa 2013 ili majirani wajuane, hauna la kufanya na mtu anayeondoka Jumapili.

Baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za aina hii Nairobi, Januari 2024, serikali iliagiza zote zisajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Usajili unasaidia polisi kumjua mwenye nyumba. Haulindi kodi ya mtu. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 huwapa wenye fleti nafasi ya kutunga kanuni za jengo lao, lakini ploti ya Oruba huwa na mwenye mmoja, na wapangaji hawana kura. Kilichobaki ni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, inayotaka kibali cha kaunti kabla ya kubadili matumizi ya jengo. Kaunti zikiitumia, makazi yanaweza kutenganishwa na biashara ya malazi. Zisipoitumia, mwenye ploti ndiye anayeamua peke yake.