Drafti ya NFL: Timu za Marekani humpimaje kijana kabla ya kumchagua?

Kila mwaka mwishoni mwa Aprili, taarifa za michezo kutoka Marekani hutaja neno "drafti". Huenda baadhi yenu mkilisikia mnafikiria ule mchezo wa ubao na vifuniko vya soda unaochezwa barazani. Hii ni drafti nyingine kabisa. Ni siku 3 ambazo timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hugawana vijana wanaotoka kucheza vyuoni. Kijana mmoja hutajwa wa kwanza na maisha ya nyumbani kwao hubadilika usiku huohuo. Mwingine hukaa na wazazi wake mbele ya televisheni siku zote 3 na jina lake lisitajwe.

Katika makala hii tunaeleza jinsi timu zinavyowapima vijana hao kabla ya siku hiyo, na kwa nini, pamoja na vipimo vyote hivyo, bado hukosea.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Futiboli ya Kimarekani si soka. Mpira wake una umbo la yai na huchezwa zaidi kwa mikono. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10, yaani karibu mita 9. Ikifaulu hupewa majaribio mengine 4, na kwa hatua hizo hujaribu kufika mwisho wa uwanja na kupata pointi. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Kila mchezaji ana kazi yake. Wapo majitu ya mstari wa mbele, ambao kazi yao ni kusukumana na kuzuia. Wapo wadakaji, wanaochomoka mbio na kudaka mpira mbali. Wapo wa upande wa ulinzi, wanaomkimbilia mwenye mpira ili wamwangushe. Na yupo mrushaji mkuu, anayeitwa kotabeki, ambaye ndiye hupokea mpira na kuamua katika sekunde chache aupeleke kwa nani. Timu isiyo na kotabeki mzuri hupata shida sana kutwaa ubingwa. Ndiyo sababu makosa yanayokumbukwa zaidi katika drafti ni yale ya kuchagua kotabeki.

Drafti inaendaje?

Katika soka tunayoijua, klabu yenye fedha humsajili inayemtaka. NFL walikataa njia hiyo kwa vijana wanaoingia ligi. Mwaka 1935 Bert Bell, aliyekuwa mmiliki wa Philadelphia Eagles, alipendekeza kwamba timu iliyoshika mkia ichague kwanza na bingwa achague mwisho, ili wanyonge wapate nguvu. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia Februari 1936. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya NFL.

Leo drafti ina raundi 7, na huchaguliwa wachezaji takriban 250 hadi 260. Timu zinaweza kubadilishana zamu: anayetaka kusogea mbele humpa mwenzake zamu zake nyingine, hata za mwaka ujao. Kijana mwenyewe hachagui timu. Na ili aruhusiwe kuingia, ni lazima iwe imepita miaka 3 tangu amalize shule ya sekondari. Ndiyo maana karibu wote hupitia chuo kikuu.

Nafasi anayochaguliwa kijana ndiyo huamua mshahara wake. Zamani wa kwanza alijadiliana apendavyo. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alipata mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78 kabla hajacheza mechi yoyote ya ligi. Tangu 2011 malipo yamewekewa ngazi na mkataba wa anayechaguliwa ni wa miaka 4. Kila anaposhuka kwenye orodha, fedha zinapungua. Kijana anayeshuka kutoka raundi ya kwanza hadi ya tatu kwa sababu ya goti au maneno ya watu hupoteza mamilioni ya dola.

Hatua za kumpima kijana

Kazi huanza na wasaka vipaji. Hawa huajiriwa na timu, kila mmoja na eneo lake, na huzunguka vyuoni msimu mzima. Vyuo vya daraja la juu pekee ni zaidi ya 130, na vipo vingi vya madaraja ya chini. Msaka vipaji hatazami mechi tu. Huenda mazoezini na huongea na makocha. Akipata nafasi humuuliza hata mtu anayefunga bandeji na anayetunza vifaa: kijana huyu huja kwa wakati? Akikosea hukasirika au husahihisha?

Pili ni mikanda ya video. Hapa ndipo saa nyingi huishia. Mpimaji hutazama kila tendo la kijana, tena na tena. Kwa kotabeki huangalia anafanya nini wapinzani wanapomsogelea: anatulia na kutafuta mtu wa pili, au anarusha hovyo? Kwa mdakaji huangalia kama anapata nafasi kwa ujanja wa hatua zake au kwa sababu tu mpinzani alikuwa dhaifu.

Tatu ni michezo ya maonyesho, hasa Senior Bowl ya Mobile, Alabama. Vijana wa vyuo vidogo na vikubwa hufanya mazoezi pamoja kwa wiki nzima. Aliyekuwa akiwatesa wanyonge wa kwao hukutana na wenye nguvu kama yeye.

Nne ni kambi ya vipimo ya Indianapolis, inayofanyika mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi. Hualikwa vijana zaidi ya 300. Hukimbia yadi 40, yaani karibu mita 36 na nusu. Huinua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Huruka juu, huruka mbele na kukata kona kwa kasi. Haya ndiyo yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Lakini kwa timu, kubwa zaidi ni lile lisiloonyeshwa: madaktari wao humkagua kijana mwili mzima, kila goti na kila bega lililowahi kuumia.

Mwisho ni mahojiano. Timu humkalisha kijana chumbani, humwonyesha kosa lake kwenye video na kumwambia aeleze lilitokeaje. Kwa miaka mingi ulikuwapo pia mtihani wa akili wa maswali 50 kwa dakika 12. Uliondolewa kwenye kambi hiyo mwaka 2022.

Baada ya hayo yote, kila timu hupanga majina kwenye orodha yake ya siri, kuanzia anayetakiwa zaidi hadi asiyetakiwa kabisa.

Mfano wa mwaka 2017

Ili kuona ugumu wa kazi hii, tuchukue drafti moja tu, ya mwaka 2017.

Cleveland Browns, waliokuwa wa mwisho, walimchagua Myles Garrett, mlinzi kutoka Texas A&M. Alikuwa na kilo 123, lakini aliruka juu zaidi ya mita 1 kutoka pale aliposimama. Hapa vipimo na mikanda vilisema jambo moja, na vilisema kweli. Mwaka 2023 alitajwa mlinzi bora wa ligi.

Zamu ya pili Chicago Bears walimtaka kotabeki Mitchell Trubisky wa North Carolina. Waliwapa San Francisco zamu yao ya tatu pamoja na zamu nyingine 3 ili wasogee nafasi moja tu. Trubisky alikuwa ameanza mechi 13 pekee chuoni. Alidumu Chicago misimu 4 kisha akaondoka.

Zamu ya 9 Cincinnati Bengals walimchukua mdakaji John Ross. Kule Indianapolis alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya kambi wakati huo. Lakini mwili wake ulikuwa na historia ya majeraha. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 3 na hakudaka mpira hata mmoja.

Zamu iliyofuata, ya 10, Kansas City Chiefs walimchukua kotabeki Patrick Mahomes wa Texas Tech. Wapimaji wengi walikuwa na shaka naye. Timu yake ya chuo ilikuwa imeshinda mechi 5 na kupoteza 7. Alirusha mpira kwa namna za ajabu, wakati mwingine huku akikimbia pembeni, na wengi waliona mtindo wa chuo chake hauwafundishi vijana kazi ya NFL. Kocha Andy Reid hakumharakisha. Alimweka benchi karibu msimu mzima ajifunze kwa mkongwe Alex Smith. Mwaka 2018, alipopewa timu, Mahomes alirusha pasi 50 za kufunga na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Baadaye aliiongoza Kansas City kutwaa ubingwa mara 3.

Na zamu ya 69, Los Angeles Rams walimchagua mdakaji Cooper Kupp kutoka Eastern Washington, chuo cha daraja la chini. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.62, polepole kwa mdakaji. Msimu wa 2021 Kupp aliongoza ligi nzima kwa idadi ya mipira aliyodaka, kwa umbali na kwa kufunga, kisha akawa mchezaji bora wa fainali.

Ross na Kupp walipimwa kwa saa ileile, mahali palepale. Saa haikudanganya: Ross alikuwa na mbio kuliko Kupp. Lakini saa ilijibu swali la mbio tu. Haikuulizwa nani anajua kusimama pale ambapo mpinzani hakumtarajia, wala nani mwili wake utastahimili mechi za wiki baada ya wiki.

Kwa nini wataalamu hukosea?

Sababu ya kwanza ni kwamba kijana hucheza mechi 12 au 13 hivi kwa mwaka, tena nyingi dhidi ya watu ambao hawatafika NFL. Ushahidi ni mdogo. Ya pili, vipimo vinaweza kufanyiwa mazoezi. Miezi kabla ya kambi, vijana hukaa na walimu wanaowafundisha kuanza mbio na kuruka, si kucheza. Ya tatu, mwili huumia. Januari 2016 Jaylon Smith wa Notre Dame, aliyetarajiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza, aliumia goti vibaya katika mechi yake ya mwisho ya chuo. Alichaguliwa wa 34, akakosa msimu mzima, kisha akarudi na kucheza. Hakuna daktari aliyeweza kuahidi kwamba atarudi.

Ya nne ni mahali kijana anapoangukia. Mbegu ileile haizai sawa katika kila shamba. Mahomes alipata kocha mvumilivu na mkongwe wa kumwiga. Kotabeki anayetupwa katika timu dhaifu siku ya kwanza hupigwa chini kila wiki, na hakuna anayeweza kujua angekuwa nani kwingine.

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler, katika kazi iliyochapishwa 2013, walilinganisha kila aliyechaguliwa na mwenzake wa kazi ileile aliyechaguliwa baada yake. Aliyetangulia alikuwa bora kwa asilimia 52 tu. Hiyo imezidi kidogo kurusha sarafu. Kosa la timu, walisema, ni kujiamini kupita kiasi na kulipa zamu nyingi ili kumpata kijana mmoja.

Vijana wa Afrika wanapita wapi?

Ezekiel Ansah wa Ghana alikwenda chuo cha Brigham Young, Utah, akiwa na ndoto ya mpira wa kikapu. Alianza futiboli mwaka 2010. Mwaka 2013 Detroit Lions walimchagua wa 5. Alikuwa na uzoefu mdogo sana, ila timu iliona mwili usio wa kawaida na mtu anayejifunza haraka. Mwaka huohuo Daniel Adongo wa Kenya, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kupitia drafti.

Tangu 2017 NFL ina mpango wa kuwafundisha vijana kutoka nje ya Marekani, na mwaka 2023 ilifanya kambi ya vijana wa Afrika jijini Nairobi. Jordan Mailata, mcheza raga wa Australia ambaye hakuwahi kucheza futiboli, alipitia mpango huo, akachaguliwa wa 233 mwaka 2018, na akawa bingwa na Philadelphia Eagles.

Utakapoisikia drafti ijayo

Ndugu msikilizaji, mtangazaji akisoma majina, utasikia zaidi kuhusu mbio, urefu na uzito. Hayo ni kweli na yana maana. Wewe jiulize mambo mengine 3: kijana huyu amecheza dhidi ya nani, mwili wake umepitia nini, na anakwenda kufundishwa na nani? Majibu yake hayapatikani kwa saa wala kwa mizani, na ndiyo ambayo timu hulipa mamilioni zikijaribu kuyakisia.